Ugweno: Dola ya Wahunzi Juu ya Ziwa Jipe

Kabla ya Wajerumani, Upare wa Kaskazini ulikuwa na dola yake. Waliotangulia kuitawala Ugweno ni Washana, ukoo wa wafua chuma, ambao chuma chao kilitafutwa hadi Uchaggani. Ukoo wa Wasuya ukawapindua; Washana walipoteza kiti, nyundo ikabaki kwao. Simulizi humsifu mtawala wa Wasuya, Mranga, mwana wa Angovi, aliyeyaweka mafunzo ya vijana msituni, mshitu, chini ya utawala. Werevu huo ulizidi mikuki.

Biashara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 iliimega dola. Kisha mpaka wa wakoloni ukapita Ziwa Jipe: ng'ambo Waingereza, huku Wajerumani.

Mwaka 1945, Waingereza wakiwa wamechukua nafasi ya Wajerumani, maelfu ya Wapare walikusanyika mjini Same kupinga kodi, wakiitwa kwa mbiru, pembe ya mgambo.