Mipira ya Sato: historia ya kufunga paja ili misuli irudi

Mtu aliyevunjika mguu anajua: mfupa unaunga, lakini nyama ya paja imekwisha. Kuirudisha kunaomba kubeba uzito mkubwa, na mguu bado hauwezi.

Mjapani Yoshiaki Sato alitafuta njia nyingine. Mwaka 1966, akiwa na miaka 18, alikaa muda mrefu akipiga magoti katika ibada ya Kibudha. Miguu ikafa ganzi na kujaa kama ya mtu aliyetoka kwenye mazoezi makali. Akawaza: kumbe ni damu iliyobanwa. Akaanza kujaribu kwa mwili wake, akijifunga mipira ya baiskeli. Mwaka 1973 aliumia vibaya mguu akiteleza kwenye theluji. Akiwa na plasta, alikuwa akifunga paja na kulegeza kila siku. Alieleza kwamba misuli haikukonda. Njia hiyo akaiita Kaatsu.

Baadaye waganga wa jeshi la Marekani waliitumia kwa askari waliojeruhiwa Irak na Afganistani. Mkanda wa hewa, kama ule wa kupimia tansio, unapunguza damu inayoingia mguuni na kuzuia inayorudi. Hapo uzito wa asilimia 20 hadi 30 ya nguvu za mtu unatosha, badala ya 70.

Lakini mkanda huo unapimwa na munganga, tena kwa dakika chache tu. Mpira wa kujifungia nyumbani au kambini unaweza kugandisha damu na kuharibu mishipa. Majeruhi wa risasi na wahami wote wamuulize kwanza munganga wa mazoezi ya viungo.