Kugumisha ngozi ya chuma

gumisha *kitenzi elekezi*: fanya kitu kilicho laini kiwe kigumu. Kutendwa: *gumishwa*. Nomino: *ugumishaji*.

Maana katika ufundi
Kugumisha ngozi ya chuma ni kuongeza kaboni katika tabaka la nje la chuma laini, kisha kukichovya kingali chekundu kwa moto, ili uso uwe mgumu na kiini kibaki laini, kisivunjike kwa urahisi. Kifaa hufukiwa ndani ya makaa ya miti na ya mifupa, katika sanduku la chuma lililozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na kupashwa moto wa nyuzi 800 hadi 900 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa. Kisha yote yaliyomo humwagwa majini kwa mkupuo. Mawingu ya buluu, hudhurungi na kijivu yanayobaki usoni ni utando mwembamba wa oksidi. Kwa hiyo chuma hicho *hutoa rangi*, *hakipakwi rangi*.

Ngozi na ncha
Istilahi ya Kiingereza ya kazi hii hutumia neno ambalo pia humaanisha sanduku na shauri la mahakamani. Anayefasiri neno kwa neno huandika «ugumishaji wa kesi», maneno yasiyomwambia fundi lolote. *Ngozi* inafaa, kwani hutaja tabaka la juu linalofunika kiini.

Tofauti hii ina uzito katika machimbo ya Geita na Shinyanga. Pini ya karasha ya kusagia mawe husuguliwa pande zote, huku ikipigwa na mishtuko. Hiyo hufaa kugumishwa *ngozi*. Moko, yaani patasi ya mchimbaji, hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha tangu mwanzo, nayo hugumishwa *ncha* tu. Kuandika «gumisha» pasipo kutaja mahali ni kumwachia fundi akisie.

Chuma, pua, feleji
*Chuma* ni jina la jumla. *Pua* ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Ni homonimu ya pua ya usoni. *Feleji* ni pua bora, hasa ya panga na visu. Siku hizi *chuma cha pua* hutumiwa sana kwa chuma kisichoshika kutu, hivyo mfasiri abainishe anachokusudia. Ujuzi wenyewe si mgeni katika ukanda huu: Warongo, wahunzi wa kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliyeyusha chuma kwa makaa ya miti, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti uliohusu Wahaya, majirani zao, kuhusu utengenezaji wa pua katika tanuri za kienyeji.

Vitenzi visivyobadilishana
*Chovya*: zamisha ghafla majini au katika mafuta. Chuma huwa kigumu.
*Poza*: punguza joto. Kitenzi hiki hakitaji kasi. Anayeacha chuma kipoe polepole hukipata laini.
*Pasha tena*: rudisha kwenye moto wa wastani baada ya kuchovya, ili kupunguza wepesi wa kumeguka. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa huonyesha kipimo: manjano hafifu karibu na nyuzi 220, buluu karibu na 300.

Katika tafsiri za wanafunzi vitenzi hivi vitatu mara nyingi huangukia *poza*. Kosa hilo haliishii kwenye alama za mtihani. Moko uliochovywa bila kupashwa tena unaweza kumeguka kwa pigo la nyundo, na kipande chake kuruka hadi jichoni mwa aliyeushika.

Mfano
*Sahihi*: Chovya ncha ya moko, isugue ing'ae, kisha ipashe tena hadi itoe rangi ya hudhurungi.
*Si sahihi*: Poza moko, kisha upake rangi ya hudhurungi.