Kutoka "saratani" hadi kopa la moyo: bifu la Windows na Linux lililoishia kwenye diski moja

Kuna mabifu ya mjini yanaisha ndani ya wiki, halafu kuna hili: lilidumu miaka, na mwisho wake wahusika wote wawili wakajikuta wanaishi kwenye diski moja. Unawasha ile kompyuta yako ya zamani, kinatokea kiskrini cheusi kinauliza: leo unaingia Linux au Windows? Kiskrini hicho kina historia ndefu kuliko ndoa za mastaa wengi.

Turudi Helsinki, Finland, Januari 1991. Mwanafunzi wa chuo, miaka 21, ananunua kompyuta ya prosesa ya 386, na sehemu ya hela imetoka kwenye mkopo wa masomo. (Ndiyo, bumu. Wengine huishia kwenye viatu.) Mashine ilikuja na DOS, na jamaa akawa anashinda anacheza Prince of Persia huku akisubiri diski za Minix, mfumo mdogo ulioandikwa na profesa mmoja wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Minix ilipofika haikumtosha, akaanza kuandika wa kwake. Tarehe 25 Agosti akatangaza mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo wa bure, ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa. Alitaka kuuita Freax. Mshkaji aliyekuwa anasimamia seva ya kuuhifadhia hakulipenda jina, akaandika Linux kwenye folda, na ikabaki hivyo.

Siku hizo Linux ilikuwa mpangaji tu kwenye diski yenye Minix. Kuna siku kijana alitaka modemu ipige simu kwenye kompyuta ya chuo. Kwa makosa, amri akaielekeza kwenye diski badala ya modemu, na Minix ikaandikwa juu yake. Kwisha habari yake! Angeweza kuirudisha, ila akaona bora abaki na ya kwake. Kwa hiyo wewe uliyewahi kufuta Windows kwa bahati mbaya ukijaribu Linux, usijione mshamba. Hata mwenye mfumo alipita humo humo.

Watu wengine hawakuwa tayari kuacha kila kitu namna hiyo. Word ilikuwa Windows, magemu yalikuwa huko, kazi za ofisini huko huko. Ndipo zikaja programu ndogo kama LILO, kisha GRUB, ambazo zinashika zamu kompyuta inapowaka na kukuuliza unaenda wapi. Diski inagawanywa kama chumba cha kupanga kinavyogawanywa kwa pazia. Na kama ilivyo kwa wake wenza, amani ilikuwa ya mashaka. Ukisimika Windows upya, inafuta ile menyu kama vile mwenzake hayupo. Mpaka saa wanagombania: Windows inaweka saa za hapa ulipo kwenye saa ya ndani ya mashine, Linux inaweka saa za dunia, UTC. Ukiwa Dar au Nairobi, ukitoka Linux kwenda Windows unaweza kukuta muda umerudi nyuma masaa matatu. Wengi wamebadilisha betri ya kompyuta bure kwa sababu ya hilo.

Nje, maneno yalikuwa makali zaidi. Mwaka 2001 bosi mkuu wa Microsoft aliifananisha Linux na saratani. Kilichomkera ni leseni yake: ukiirekebisha kisha ukaisambaza, lazima na wewe utoe msimbo wako.

Miaka mitatu baadaye akaibuka tajiri kutoka Afrika Kusini, ambaye alikuwa ameuza kampuni yake kwa dola milioni 575 na kwenda angani mwaka 2002 kwa hela yake mwenyewe. Oktoba 2004 akaleta Ubuntu, Linux ya watu wasio mafundi, na CD zake zilitumwa kwa posta bure duniani kote. Jina hilo Mswahili halimsumbui, ni ndugu wa "utu". Mwaka huo huo mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili.

Halafu bosi akabadilika. Mwaka 2014 mrithi wake akapanda jukwaani na slaidi yenye kopa la moyo: Microsoft inaipenda Linux. Mwaka 2016 ukaweza kuendesha programu za Linux ndani ya Windows 10 kwenyewe. Mapenzi haya yalikuwa na hesabu zake, maana seva nyingi duniani zinaendeshwa kwa Linux na Microsoft inakodisha seva.

Wenye mashine za zamani kopa hilo halikuwafikia. Windows 11 ilipotoka 2021 ilidai chipu ya TPM 2.0, na kwa Intel karibu kila prosesa ya kabla ya kizazi cha 8 ikaachwa nje. Kuna laptopu zilinunuliwa mpya 2017 zikaambiwa zimezeeka zikiwa na miaka minne. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hapo ndipo wake wenza wanarudi kuwa na maana: Linux nyepesi kwa ajili ya intaneti, Windows inabaki upande wa pili kwa ile programu moja ya kazi isiyo na mbadala. Miujiza hakuna. Ukifungua kurasa 30 kwenye mashine ya GB 4 za RAM, itakwama tu kwa mfumo wowote.

Na Linux nayo ina ukatili wake. Desemba 2012 waliondoa uwezo wa kuendesha prosesa za 386, maana yake ile kompyuta ya Helsinki isingeweza tena kuwasha Linux mpya. Mwenyewe alipokumbushwa, alijibu kwamba yeye si mtu wa kulilia vitu, acha iende. Ilikuwa imehudumiwa miaka 21.