Kiharusi kikiiba maneno, jamaa hufunzwa na nani?

MNAMO Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Tan. Alipewa jina hilo kwa sababu, kila alipoulizwa jambo, jibu lilikuwa 'tan, tan'. Hata hivyo, alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki siku chache baadaye, Broca aliona jeraha katika sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto. Mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke akaeleza hali tofauti: mgonjwa anabubujikwa na maneno, ila hayana maana, na ya wenzake hayaelewi.

Hali hizi mbili ni aina za afasia, na kisababishi chake kikuu ni kiharusi. Wataalamu hao walitufafanulia ubongo. Je, mke au mwana anayerudi nyumbani na mgonjwa wa aina hiyo afanyeje? Baadhi ya majibu bora yalitoka kwa watu wa kawaida, tena baadaye sana.

Mnamo Februari 1965, mwigizaji Mmarekani Patricia Neal alipatwa na kiharusi akiwa mjamzito. Maneno yakampotea. Mumewe, mwandishi Roald Dahl, alimrudisha kijijini kwao Great Missenden, Uingereza, kisha akawaita majirani. Wakapanga zamu: huyu aje saa hii, yule saa ile, wazungumze naye, wasome, wacheze. Wengi wao hawakuwa na mafunzo yoyote ya utabibu. Dahl alikosolewa kwa kumsukuma mkewe kwa ukali, lakini zamu zenyewe zilikuwa na hekima: mzigo haukumwelemea mtu mmoja. Neal alirejea kwenye filamu mwaka 1968. Jirani mmoja, Valerie Eaton Griffith, aliyakusanya maarifa hayo katika kitabu A Stroke in the Family, kilichotoka mwaka 1970.

Mwaka 1979 huko Toronto, Kanada, Pat Arato, ambaye mumewe alikuwa na afasia, alianzisha kituo cha kuwahudumia watu wenye hali hiyo na jamaa zao. Hapo ndipo Aura Kagan alipokuza mbinu ya kumfunza yule anayezungumza na mgonjwa, badala ya kumfunza mgonjwa peke yake. Mambo yenyewe si makubwa jameni: uliza swali la ndiyo au la, andika neno kuu kwenye karatasi, chora, onyesha, subiri, hakikisha umemwelewa. Tena mwambie waziwazi, 'Najua unajua.' Aliyepoteza maneno hajapoteza akili.

Kwetu Kenya pana jambo la ziada. Mwaka 1895, Mfaransa Albert Pitres aliona kwamba mjuzi wa lugha nyingi aghalabu hurejewa kwanza na ile aliyoizoea zaidi. Si kanuni isiyovunjika, lakini inatuonya: nyanya aliyezoea Kikamba asishurutishwe kujibu kwa Kiingereza eti kwa kuwa ndicho cha hospitali.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwambia mtunzaji, 'Vumilia tu.' Afadhali tumpokee kwa zamu ya saa moja, naye apumzike. Na hospitali, inapomkabidhi mgonjwa pamoja na dawa zake, imkabidhi pia somo la namna ya kuzungumza naye.