Damu Haibadilishi Masafa

Liko jopo la istilahi, halitajwi hapa kwa heshima ya wazee waliomo, lililoamua kwamba kinachopimwa na ultrasaundi ya Doppler ni "badiliko la masafa". Msomaji akikutana na maneno hayo ataelewa jambo moja: chembe ya damu ilikuwa mbali, sasa iko karibu. Basi la masafa marefu, mbio za masafa marefu. Neno limekwisha kukaa kwenye umbali na halitoki huko.

Watetezi wake hukimbilia redioni, ambako neno hilo hutumika kwa mitetemo ya mawimbi. Bahati mbaya, redioni "masafa mafupi" ni mawimbi mafupi, na hayo ndiyo yenye mitetemo mingi kwa sekunde kuliko mawimbi marefu. Ushahidi wao unawageukia.

Chimbuko nalo haliwasaidii. Wanaleksika wa kale wa Kiarabu walilinasibisha neno masafa na kunusa: kiongozi wa msafara jangwani alinusa udongo kujua kama bado yuko njiani. Ni hadithi tamu, ila ni ya umbali tangu mwanzo hadi mwisho. Waarabu wenyewe, walipohitaji jina la idadi ya mitetemo kwa sekunde, waliacha masafa wakachukua taraddud, kutoka mzizi r-d-d, mzizi uleule uliotupa "rudi".

Kwa hiyo: marudio. Wimbi la ultrasaundi hujirudia mara milioni kadhaa kwa sekunde, likagonga chembe nyekundu za damu, na mwangwi wake ukarudi kwenye kifaa. Chembe zikija, mwangwi huja na marudio mengi kuliko yaliyotumwa. Zikienda, huja na machache. Tofauti hiyo ndogo kwa kawaida huangukia ndani ya uwezo wa sikio, ndiyo maana mshipa husikika ukivuma kwenye spika ya mashine. Neno moja limebeba kujirudia na kurejea. Kamati gani ingeomba zaidi?

Wapo wanaotania kwamba marudio ni ya mechi. Mechi ni ya marudiano, waheshimiwa.

Christian Doppler alipowasilisha hoja yake Prague mwaka 1842 alikuwa akizungumzia rangi za nyota pacha. Mwaka 1845 Buys Ballot aliijaribu kwa sauti huko Uholanzi, kwa wapiga tarumbeta waliopandishwa garimoshi: wasikilizaji kandokando ya reli walisikia noti ikipanda na kushuka. Hakuna aliyeondoka pale akisema amesikia umbali. Miaka ya 1950 Shigeo Satomura wa Japani akaipeleka kwenye moyo na mishipa.

Kuhusu matumizi: nyekundu kwenye skrini kwa kawaida ni damu inayokuja kwenye kifaa na buluu ni inayoondoka, iwe ateri au vena; na pembe kati ya wimbi na mshipa isizidi digrii 60, kwani ikifika 90 badiliko la marudio hutoweka ingawa damu inapita.