Fowili Inapogoma Garsen: Historia Fupi ya Gia, Mpira na Programu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za hifadhidata na lugha za programu. Leo tutoke kidogo kwenye tarakilishi tuingie matopeni. Vumilieni tu, mwishoni mtaona tumerudi pale pale.

Novemba 2023, mvua za El Niño zikimwagika, mjomba wangu aliombwa amkimbize mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, kutoka kijiji kimoja cha delta ya Tana hadi hospitalini Garsen. Pikapu yake ni ya fowili, yaani injini inaweza kusukuma magurudumu yote manne. Alipofika kwenye udongo mweusi akazungusha swichi. Taa ya fowili ikaanza kuwaka na kuzima, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba shimo, ya mbele yakatulia kana kwamba hayahusiki. Vijana wakambeba yule mama kwa kitanda cha kamba mpaka kwenye lami, akapata gari jingine. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Pikapu ilivutwa na trekta siku ya pili.

"Mpwa wangu, wewe umesomea kompyuta," aliniambia kwa simu. "Taa iliwaka na fowili haikuwepo. Gari nalo linasema uongo siku hizi?"

Swali zuri sana! Kulijibu ilinibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka themanini.

Enzi ya mkono na chuma

Gari la magurudumu manne yenye nguvu si jambo jipya. Kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilitengeneza moja mwaka 1903. Lakini lililolifanya kuwa gari la kawaida ni vita. Marekani ilianza kutengeneza Jeep kwa wingi mwaka 1941. Uingereza ikaleta Land Rover mwaka 1948, na Toyota ikaunda gari la aina hiyo mwaka 1951, ambalo mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser. Hayo ndiyo magari yaliyokuja kutawala njia mbaya za Afrika Mashariki.

Siri yake ni sanduku moja nyuma ya giaboksi, mafundi huliita transfa. Kwa kawaida nguvu huenda nyuma tu. Ukivuta mkono wa pili wa gia, meno ya chuma husogea na kuishika propela ya mbele. Hakuna waya wala mpira katikati. Unasukuma chuma kwa mkono wako, na mkono wenyewe unahisi kama meno yameingia.

Tatizo likawa hili: hata fowili ikiwa haitumiki, magurudumu ya mbele yalikuwa yakizungusha difu na propela bure, yakila mafuta. Mwaka 1948, Mmarekani Arthur Warn akaanza kuuza habu za kufungwa na kufunguliwa kwa mkono. Ukitaka fowili unashuka, unazungusha kifuniko cha gurudumu, kisha unarudi ndani kuvuta mkono wa gia.

Sasa fikiria kushuka hapo Garsen. Mto Tana hutiririka takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu za Kenya hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini, na delta yake ni udongo mweusi unaogeuka gundi ukilowa. Wazee waliopita huko wanasema dereva mjuzi alifunga habu zake mapema akiwa bado pakavu. Aliyesahau alizitafuta kwa vidole ndani ya tope. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, yaliyoharibu hata mradi wa mpunga wa TARDA katika delta, bado yanasimuliwa na madereva wa wakati huo.

Enzi ya mpira na hewa

Watengenezaji wakaona dereva asisumbuliwe tena. Katika miaka ya 1980 zikaenea habu za kujifunga zenyewe, na baadaye difu ya mbele yenye kiungo kinachosukumwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Raha iliyoje! Lakini injini ya dizeli haina vakyumu yake ya kutosha, kwa hiyo ikawekewa pampu, mara nyingi nyuma ya alteneta. Kutoka hapo kuna vipaipu vya mpira. Kwenye joto la Tana mpira hukauka na kupasuka, na mpasuko mdogo kama unywele unatosha kuiua fowili. Mkono wa dereva haukuhisi tena meno.

Enzi ya swichi

Halafu ikaja mota ndogo ya umeme, na juu yake kompyuta ndogo. Unazungusha kitufe, programu inatuma amri, mota inasogeza meno, na swichi iliyoko ndani inarudisha habari kwamba meno yameingia.

Wanaprogramu wenzangu, hapa ndipo nyumbani kwetu. Amri ni kitu kimoja, na jibu ni kitu kingine. Katika magari mengi ya siku hizi, taa inayowaka na kuzima maana yake ni "nimetuma, nasubiri jibu." Inayowaka mfululizo maana yake ni "nimejibiwa." Kwenye magari mengi ya zamani, taa ilionyesha tu kwamba mkono wa gia umevutwa, hata kama habu zilikuwa wazi. Kwa hiyo gari la mjomba halikusema uongo. Lilisema ukweli kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha.

Kutafuta hitilafu

Tulitafuta kama tunavyotafuta kosa kwenye programu: gawanya njia katikati, uulize kosa liko upande gani. Gari likikwama tena na nyuma ikiteleza, mtu asimame kando, mbali, aangalie propela ya mbele.

Isipozunguka, tatizo liko kwenye transfa au kabla yake: fyuzi, swichi, waya, mota ya transfa. Ikizunguka na magurudumu ya mbele hayavuti, transfa ni nzima. Tafuta mbele: habu, vipaipu vya vakyumu, au mota ya difu ya mbele.

Na kabla ya kufungua chochote, nyoosha usukani, sogeza gari polepole mbele na nyuma mita chache. Huenda meno hayajakutana tu.

Ya mjomba propela ilizunguka. Fundi mmoja alikuwa ameshamshauri anunue difu nzima. Tulipochomoa plagi ya waya ya mota ya difu, ndani mlijaa tope na kutu ya kijani, na mota yenyewe ilikuwa imeganda. Ilisafishwa, ikapakwa grisi, ikafanya kazi.

Lami ndiyo iliyoigandisha

Ajabu ni sababu ya kuganda. Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu ilikamilika kutiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020. Tangu hapo mjomba hakuigusa fowili hata mara moja. Mota isiyotembea hushikwa na kutu. Mto ulipofurika mwishoni mwa 2023, maji yalifunika hata hiyo lami pale Gamba, na pikapu iliyokuwa imezoeshwa starehe ikaitwa kazini ghafla.

Kwa hiyo ushauri wangu: mara moja kwa mwezi iweke fowili na utembee kilomita chache, lakini kwenye mchanga au murram. Usifanye hivyo kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na yasipoweza kuteleza kidogo, vyuma hujikaza hata mkono wa gia ukakataa kutoka.

Nasi tunaotunza seva tujiulize: ile nakala ya akiba tunayoitegemea siku ya mafuriko, tuliijaribu lini mara ya mwisho? Mimi nilijaribu yangu usiku ule ule. Haikufunguka!

Haya, tukutane wiki ijayo. Wenye visa vya fowili kutoka Hola, Bura au Witu, leteni.