Chini ya Rangi ya Zamani

Mwaka 1988 mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alituletea kutoka Japani gari dogo la kuchezea linaloongozwa kwa redio. Bodi yake ilikuwa ya plastiki ngumu nyeupe. Kaka yangu mkubwa aliipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya nyumba yetu, kisha kwa brashi nyembamba akaandika ubavuni namba 7. Miaka minane baadaye, nikiwa kijana mwenye kujiona mjuzi, niliamua kulirudishia gari lile weupe wake. Nikachukua thina, nikaimimina kwenye beseni, nikaitumbukiza bodi. Dakika kumi hazikupita, paa likabonyea kama mshumaa karibu na moto. Rangi ilitoka, na plastiki ikatoka nayo.

Thina ile ile husafisha brashi ya fundi na kuiacha salama. Kwa nini basi iliimeza bodi ya gari? Jibu limo katika historia, na juma hili ningependa tuipitie pamoja, kwa kuwa historia hiyo inaigusa pia redio hii unayoisikiliza.

Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio si jambo la jana. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, mvumbuzi Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka majini bila waya wala nahodha. Aliyaona mawimbi kuwa mkono mrefu wa kushikia vyombo vilivyo mbali. Hata hivyo, kwa miaka mingi mitambo ya redio ilikuwa mizito na ya ghali, na mtoto wa kawaida hakuweza kuipata. Mambo yalianza kubadilika baada ya transista kuvumbuliwa nchini Marekani mwaka 1947. Kifaa kile kile kilichoiwezesha redio kubebwa mkononi hadi shambani ndicho kilichowezesha kipokezi kuingia ndani ya gari la kuchezea.

Wakati huo huo, huko Shizuoka nchini Japani, bwana mmoja aitwaye Yoshio Tamiya alikuwa amefungua biashara ya mbao mwaka 1946. Baadaye alianza kutengeneza mifano ya meli na magari kwa mbao. Lakini mifano ya plastiki kutoka nchi za nje ilipomiminika Japani katika miaka ya 1950, wanunuzi wa mbao walipungua. Kampuni ikalazimika kuhamia kwenye plastiki, na mwaka 1960 ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki, manowari ya Yamato. Mauzo hayakuridhisha. Ni mfano wa kifaru uliotoka baadaye kidogo ndio ulioinusuru kampuni.

Mwana wa mzee huyo, Shunsaku Tamiya, aliyefariki dunia mwaka 2025, alikuwa mtu asiyeridhika na nusu kazi. Alipotaka kutengeneza mfano sahihi wa gari la Porsche, alinunua Porsche halisi akalifungua nati baada ya nati ili apime kila kitu. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1976 likatoka gari la kwanza la kampuni hiyo linaloongozwa kwa redio, Porsche 934, lenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi na mbili ya gari lenyewe. Mwaka 1979 likafuata Sand Scorcher, lenye sura ya Volkswagen ya mgongo wa kobe, na mwaka 1984 yakatoka Grasshopper na Hornet, yaliyowafundisha watoto wengi duniani kushika bisibisi.

Hapa, msikilizaji, ndipo suala la rangi linapoingia. Magari hayo yaliuzwa vipande vipande ndani ya boksi, na mnunuzi aliunga na kupaka rangi mwenyewe. Kwa hiyo kila bodi ya zamani ina alama ya mkono wa mtu: mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepaka mezani kwa mama yake, rangi ikachuruzika na nywele za brashi zikanasia humo.

Bodi zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya plastiki ngumu, jamii ya polistairini, kama ile ya Grasshopper. Plastiki hii huyeyushwa ikamiminwa katika kalibu, na hupakwa rangi kwa nje. Ubora wake ni kwamba huonyesha kila kona na kila mstari. Udhaifu wake ni kwamba thina, asetoni na petroli ni maadui zake wakubwa. Nywele za brashi hazijali thina, lakini polistairini huyeyuka ndani yake kama sukari ndani ya chai. Ndiyo maana bodi ya kaka yangu ilizama.

Namna ya pili ni ya polikaboneti, kama ile ya Hornet. Plastiki hii iligunduliwa mwaka 1953 na watu wawili waliokuwa mbalimbali: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Ni angavu kama kioo, lakini huigongi ikavunjika kwa urahisi, na ndiyo sababu hutengenezewa miwani ya kujikinga viwandani. Karatasi yake hupashwa moto ikalainika, kisha hufyonzwa juu ya kalibu ikashika umbo la gari. Na kwa kuwa ni angavu, hupakwa rangi kwa ndani. Gari likipinduka na kuburuzwa juu ya kokoto, kinachokwaruzika ni plastiki, na rangi hubaki salama upande wa pili.

Tofauti hii si ndogo. Katika bodi ngumu, rangi hupandiana kama katika ukuta wa nyumba ya zamani: ya mwisho ndiyo unayoiona, na ya kwanza imezikwa chini. Katika bodi angavu mambo ni kinyume. Rangi ya kwanza ndiyo itakayoonekana siku zote, hata ukipaka nyingine kumi nyuma yake. Mtu aliyenunua bodi iliyopakwa nyekundu mwaka 1985 hana njia ya kuigeuza buluu ila aiondoe kwanza ile nyekundu. Tena rangi zilizotengenezwa maalumu kwa polikaboneti huuma ngozi ya plastiki ili zisibanduke bodi inapopindapinda. Kuzitoa ni kazi ya jasho.

Watoto wa miaka ile walipokuwa watu wazima wenye mishahara, walianza kuyatafuta tena magari yao darini na minadani. Kampuni yenyewe ililiona hilo, na kuanzia miaka ya 2000 ikayarudisha sokoni baadhi ya magari ya zamani, Sand Scorcher likirudi mwaka 2010. Lakini wengi hawakutaka jipya. Walitaka lile lile la utotoni, na likitokea, mara nyingi lilikuwa limepakwa na mikono mitatu minne. Hapo ndipo ulipoanza utafutaji wa dawa, si katika maabara bali jikoni, gereji na kwenye kabati la dawa.

Wengine walijaribu mafuta ya breki. Dereva yeyote anajua kuwa yakidondokea ubavu wa gari huiumua rangi ikajikunja kama maziwa yaliyoganda, na kwenye plastiki ngumu yamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini yale ya aina ya silikoni hayafai kwa kazi hii, na kwenye polikaboneti ni hatari, kwani bodi inaweza kupata nyufa. Wengine walitumia dawa za kusafishia majiko zenye kostiki soda. Hizi hutoa aina nyingi za rangi bila kuidhuru polistairini, lakini huila polikaboneti, na huunguza ngozi na macho ya mtu.

Huko Uingereza wapenzi wa mifano waligundua kwamba Dettol, hii hii ya kuoshea vidonda, hulainisha rangi ya zamani juu ya plastiki ngumu. Bodi hulazwa ndani yake, kisha husuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Ila wana sharti moja: usikimbilie maji. Unajua jinsi Dettol inavyogeuka nyeupe ikikutana na maji. Rangi iliyolainika nayo ikikutana na maji hugeuka ulimbo unaoshika kila kitu. Suuza kwanza kwa Dettol safi, ndipo uje na sabuni.

Njia ya upole zaidi ni spiriti ya isopropili, ambayo tangu korona ilipoingia mwaka 2020 watu wengi wameizoea katika dawa za kutakasa mikono. Hulainisha rangi kadhaa pole pole, na polikaboneti huistahimili kwa muda mfupi. Tahadhari yake ni moto, kwani hushika haraka. Dawa yoyote uitumiayo, vaa glavu, fungua madirisha, na anza kwa kujaribu mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya tao la gurudumu. Kuhusu zile dawa kali za madukani za kubandua rangi, kumbuka kwamba mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia wananchi wa kawaida zile zenye kloridi ya methilini, baada ya mvuke wake kuua watu waliokuwa wakiitumia katika vyumba visivyopitisha hewa.

Haya ni ya mikono. Limebaki la moyo. Je, kila rangi ya zamani ni uchafu? Anayelirudisha gari katika hali ya dukani husema anaokoa historia. Lakini dukani gari lile halikuwa na historia yoyote. Lilikuwa plastiki ndani ya boksi. Historia ilianza siku mtoto aliposhika brashi. Watunzaji wa makumbusho, kabla ya kugusa rangi ya kitu cha kale, huchunguza kwanza tabaka zake, wakapiga picha na kuandika. Wanajua kwamba rangi ikishatoka hairudi.

Kaka yangu alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Bodi nyeupe ya gari lile leo naweza kuagiza mpya. Ile namba 7, yenye mkia uliopinda kwa sababu mkono wake ulitikisika, haitengenezwi na kiwanda chochote. Niliifuta kwa nusu lita ya thina nikidhani ninasafisha.

Basi, msikilizaji, ukilikuta gari la namna hiyo nyumbani, au kiti, au mlango wa marehemu babu, usianze na chupa. Anza kwa kuuliza ni nani aliyepaka rangi ile na kwa nini. Ukipata jibu na bado ukataka kuitoa, piga picha, chagua dawa isiyodhuru, nenda taratibu. Maji yakimwagika hayazoleki, na thina vilevile.

Hadi juma lijalo, kwaherini.